Aliniogesha siku 19, nami nikamhubiria

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, nimeolewa, nina watoto wanne. Naishi kijiji kimoja wilaya ya Masasi na naomba usikitaje, maana hapa tunajuana mpaka kwa kikohozi. Kanisani kwetu, sisi ni Waanglikana, mimi ni katibu wa umoja wa akina mama, mwaka wa sita sasa. Daftari langu ni safi, na sala ya Alhamisi sijaikosa ila nikiwa mgonjwa.

Jambo langu linamhusu jirani yangu. Kati ya nyumba yake na yangu kuna mikorosho mitatu na kijinjia tu. Ni mjane, mume wake alifariki mwishoni mwa 2017 akamwachia watoto wanne. Zamani tulikuwa naye kwenye umoja, na hakuna aliyejua kuanzisha wimbo kama yeye. Mwaka 2019 akaanza kupika nipa, gongo ya mabibo ya korosho. Msimu wa mabibo anakamua uraka, ile pombe ya maji ya mabibo, na msimu ukiisha anapika yale mabibo aliyoyaanika. Kuanzia saa kumi jioni watu wanaingia uani kwake, na baadhi yao ni waume wa hawa hawa akina mama ninaosali nao.

Desemba ya mwaka huo huo kaka yangu alitoka kunywa usiku, mvua ikamkuta njiani. Alikutwa asubuhi kwenye mtaro wa barabara, kifudifudi, kwenye maji yasiyofika hata magotini. Kaka alikuwa akinywa sehemu nyingi, siwezi kudanganya. Lakini usiku ule alitokea kwa jirani. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwetu Wamakua mjomba ni nani. Binti yangu wa kwanza ameolewa bila mjomba wake wa tumbo moja na mimi. Tulimtafuta wa ukoo asimame badala yake, na mtu huyo alikuwa hajui hata jina la utoto la mwanangu.

Mwaka 2020 nilisimama kwenye kikao. Nilisoma Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 5, pale Paulo anapokataza kuchangamana na mtu anayeitwa ndugu kumbe ni mlevi, hata kula naye tusile. Nikasema anayeuza ni mbaya kuliko anayekunywa. Hakuna aliyenipinga. Jirani akatolewa, na jina lake nililikata mimi mwenyewe kwa rula na kalamu nyekundu. Hakujitetea. Jumapili bado anakuja, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wenzake wakienda kupokea Ushirika Mtakatifu yeye anabaki pale pale.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilipasuliwa uvimbe tumboni. Niliporudi nyumbani mume wangu alikuwa Mtwara mjini kwa shughuli zake, watoto wakubwa wako mbali, nimebaki na wa darasa la nne. Wenzangu wa umoja walikuja siku ya pili na sabuni na sukari kilo mbili, wakasali, wakaondoka. Siwalaumu, ulikuwa wakati wa palizi. Kesho yake alfajiri nikasikia ndoo inatuliwa barazani. Alikuwa jirani.

Alikuja siku 19, nilizihesabu. Alichota maji, akanipikia uji, akaniogesha kwa sababu mshono ulikuwa hauniruhusu kuinama, akafua nguo ambazo sitaki kuzieleza hapa. Habari za kikao hakuzitaja hata siku moja. Tulizungumzia kuku na mvua.

Siku ya 19 niliona nguvu zimerudi, nikaona pia kwamba Mungu ameniwekea nafasi. Nikamshika mkono nikamwambia: "Dada, una moyo mzuri sana, ni dhambi tu inayokuharibu. Acha ile kazi. Mungu amekuleta kwangu ili upone." Alikuwa anakunja kanga yangu. Akamaliza kuikunja, akaiweka kitandani, akasema, "Haya dada, ugua pole." Tangu siku hiyo hajaingia kwangu. Tukikutana kisimani ananisalimia kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mgeni.

Sasa mama yake mzazi amelala tangu mwezi uliopita. Mmoja wetu akapendekeza sala ya Alhamisi ipelekwe kwake. Kikao kikagawanyika. Padri akaniambia, "Katibu, ratiba iko mikononi mwako, omba, kisha upange." Wifi yangu, mjane wa kaka, alipopata habari alinijia jioni, hata mkekani hakukaa. Alisema nikienda kusali kwenye ule ua, nisikanyage tena kwenye kaburi la mume wake. Mume wangu naye anasema niachane na mambo hayo, kwamba siku mgambo wakija kumwaga mapipa, aliyekutwa pale ataandikwa shahidi.

Usituone hatuna huruma. Huyu jirani tumeshamsaidia. Mume wangu kila mwaka husaidia watu wakati wa njaa, miezi ile ya kuchimba ming'oko: mtu akikwama anampa fedha mkononi, naye anarudisha kwa korosho msimu ukifika. Jirani alikuja Februari 2018 tukampa 60,000, akalipa kilo 60. Mwaka uliofuata akaja tena, tukampa vilevile. Na mwaka ule wa 2018 sisi wenyewe tulipata msukosuko mkubwa, pale serikali iliponunua korosho na wahakiki wakapita wakimuuliza kila mtu shamba lake liko wapi. Hata hivyo yeye hatukumdai zaidi.

Nampenda Yesu, Mama. Nachukia dhambi, simchukii mtu, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini usiku nikilala naiona ile kanga inakunjwa. Nilikosea wapi? Nikipeleka sala kwake nitakuwa nimeisaliti damu ya kaka yangu na kuihalalisha nipa? Na nisipopeleka, nitakuwa mtu wa namna gani?

Katibu, Masasi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kaka.

Naanza na yeye kwa sababu nawajua wasomaji. Wengi watakimbilia kwa jirani na uji wake, na kabla hawajafika mwisho watakuwa wameshakuita Farisayo. Mimi siwezi kukuita hivyo. Mtu ambaye ndugu yake wa tumbo moja aliokotwa mtaroni hahitaji kuelezwa na yeyote kwamba pombe ya mabibo inaua. Umeiona ikiua. Na mjomba kwetu huku si mtu wa kualikwa harusini tu; ndiye anayesema "huyu ni wetu" mbele ya watu. Ulipompoteza, watoto wako walipoteza mdomo wa ukoo. Hasira uliyosimama nayo kwenye kikao mwaka 2020 ilitoka mbali, na ilikuwa na machozi ndani yake. Sidhani kama kuna mtu aliyekuuliza habari za hayo machozi. Walikuachia usome Biblia, wakapiga kura, wakaenda nyumbani.

Unaniuliza kuhusu ratiba ya Alhamisi. Nimeisoma barua yako mara tatu na naona ratiba si kitu kinachokunyima usingizi. Ni ile kanga. Kwa hiyo niruhusu nianzie chumbani kwako, siku ya 19.

Mimi nimekulia juu ya mlima kule Newala, miaka ambayo maji tulikuwa tunayafuata bondeni. Tunashuka kabla ya jua, tunapanda jua likiwa kichwani, na ndoo ikimwagika njiani unalia kwa sauti. Mpaka leo nikisikia mwanamke amemletea mwenzake maji bila kuombwa, nasimama kwanza. Jirani yako alisikia upo peke yako, akatua ndoo barazani kwa mwanamke aliyelikata jina lake kwa kalamu nyekundu. Kisha akakuvua nguo na kukuogesha. Unajua aibu ya kuogeshwa na mtu mzima mwenzako. Yeye aliibeba aibu hiyo pamoja nawe kwa kuzungumza habari za kuku.

Halafu wewe ukamwambia ameletwa kwako ili apone.

Naamini ulisema kwa nia njema, na hata sidhani maneno yenyewe ndiyo yaliyomchoma zaidi. Ameshasikia makali kuliko hayo. Ila jaribu kukaa mahali pake kidogo. Siku 18 mlikuwa wanawake wawili, mmoja anaumwa, mwingine anamuuguza. Siku ya 19 mgonjwa akainuka kitandani akamgeuza muuguzi kuwa mgonjwa. Kumbe muda wote ule alipokuwa anakusugua mgongo ulikuwa unamtazama kama kesi. Labda hivyo ndivyo alivyosikia. Sijui, sikuwepo, na wewe uliyekuwepo hukumuuliza. Nauliza tu: ingekuwaje kama siku ile ungesema "asante, dada," ukanyamaza?

Katika Injili ya Luka, sura ya 7, Yesu ameketi chakulani nyumbani kwa Simoni, mtu wa dini, na mwanamke anayejulikana mjini kwa dhambi zake anaingia na kumwosha miguu kwa machozi. Simoni anawaza moyoni kwamba huyu mgeni angekuwa nabii angejua ni mwanamke wa namna gani anayemgusa. Yesu anamgeukia yule mwanamke, lakini anasema na Simoni: "Wamwona mwanamke huyu?" Kisha anamhesabia: niliingia kwako hukunipa maji ya miguu, huyu amenipa. Nimeipenda sehemu hii tangu nilipokuwa kijana, na kila nikiirudia nashangaa swali lile. Simoni alikuwa anajua habari zote za yule mama. Alikuwa na faili lake kichwani. Yesu anamuuliza kama anamwona.

Nisikulize kwa jambo ulilolitambua mwenyewe. Lakini angalia barua yako: umeniambia saa wateja wanapoingia, msimu wa uraka na msimu wa nipa, benchi analokaa. Hukuniambia watoto wake wanne wako wapi sasa, wala fedha ya nipa inakwenda kulipia nini. Inawezekana unajua ukaona haina haja kuandika. Inawezekana hujui. Kama hujui, hapo pana kazi ya kufanya kabla ya ratiba yoyote.

Kuhusu ile sura ya 5 uliyoisoma. Usidhani nitakwambia Paulo hakumaanisha. Alimaanisha. Kanisa lisiloweza kumwambia mtu wake "hapa unaua watu" limeacha kumpenda huyo mtu na pia limeacha kuwapenda wanaouawa. Nipa haina kipimo, haina anayeikagua, sheria inaikataza, na kaka yako si wa kwanza. Ila rudi usome mstari wa 11 polepole. Mlevi yumo, kweli. Wamo pia mwenye kutamani na mnyang'anyi, kwa pumzi ile ile. Na aliyemkasirisha Paulo pale mwanzoni mwa sura alikuwa mtu aliyefanya jambo lake huku kanisa zima likijivuna. Wako hajivuni, amekaa mlangoni miaka yote hii. Kisha funua Waraka wa Pili, sura ya 2. Paulo anawaandikia watu wale wale kuhusu mtu waliyemwadhibu: imetosha, msameheni, mfarijini, asije akamezwa na huzuni iliyozidi. Wapo wanaosema ni mtu yule yule, wapo wasiokubali, lakini kwamba adhabu ya kanisa ina siku yake ya kwisha, hilo lipo wazi. Kwenye daftari lako safi, mwanangu, adhabu ya jirani iliandikiwa mwisho?

Sasa vuta kigoda, maana nakuja pagumu, na nakuja kwa upendo.

Umeniambia mumeo husaidia watu wakati wa njaa. Umeitaja haraka, katikati ya mambo mengine, kama ushahidi wa huruma yenu. Huku kwetu, mtu akipewa fedha Februari na kulipa korosho Oktoba kwa bei iliyopangwa akiwa na njaa, lina jina, na wewe unalijua ndiyo maana hukuliandika. Ni kangomba. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliletwa kwenye korosho mwaka 2007 kwa ajili hiyo pia, ili mkulima apeleke mzigo wake chama cha msingi, uuzwe mnadani, fedha imrudie yeye. Msimu wa 2018 serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kilo 60 kwa bei hiyo ni 198,000, kabla ya makato. Kwenu alipokea 60,000. Na wahakiki waliokuwa wanauliza shamba liko wapi walikuwa wanatafuta hasa korosho za namna hiyo, zilizotoka shamba la mtu mwingine.

Simwiti mumeo mwizi. Nimeishi huku, najua Februari ilivyo. Najua kwamba mtoto akiwa na homa, hakuna benki inayofungua mlango saa nne usiku, na anayefungua ni mwenye kangomba. Wapo waliopona kwa fedha zake. Lakini umeniandikia miaka yote wewe mwenyewe, mimi nimeipanga tu: mume wake anakufa mwishoni mwa 2017. Februari 2018 anakuja kwenu. Mwaka 2019 anakuja tena. Mwaka huo huo anawasha moto chini ya pipa.

Sisemi kilo zile ndizo zilizomwingiza kwenye nipa. Huenda angeipika hata kama angeuza yote mnadani. Anayejua ni yeye. Nauliza kwa nini sisi watu wa kanisa huwa tunaiona nipa haraka namna hii, na kangomba inapita mbele yetu ikiitwa msaada. Nadhani ni kwa sababu nipa ilituulia mtu, na kangomba ilitusomeshea watoto. Kitabu cha Nehemia, sura ya 5, kina watu wanaolia kwamba wameweka rehani mashamba na mizabibu ili wapate ngano wakati wa njaa, na waliowakopesha ni ndugu zao, watu wanaosali nao. Nehemia alikasirika sana. Lakini maandiko yanasema alifanya shauri moyoni kwanza, ndipo akasema na wakuu. Nakuomba nawe ufanye shauri kwanza kabla hujamfuata mumeo, kwa sababu neno hili likiingia nyumbani vibaya, litaonekana umemgeuka kwa ajili ya mpika nipa, na mlango utafungwa.

Kanisa lako lina historia ambayo wakati mwingine tunaisahau. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa kutoka utumwani. Walikuwa safarini kuelekea upande wa Nyasa, wakakaa pale. Watu waliowahi kuwekewa bei walipokuwa wanyonge, hao ndio walioanza kusali Masasi. Miaka 50 baadaye akawekwa kuwa askofu Vincent Lucas, yule aliyeshughulika na ugomvi juu ya jando. Ilikuwa rahisi kulipiga marufuku lote. Yeye na mapadri wa hapo hapo walichagua njia ndefu zaidi, kuangalia kipi kinaumiza na kipi kinamlea mtoto, na likawepo jando la Kikristo. Watu wanabishana mpaka leo kama walipatia. Ninachokipenda ni kwamba walikaa chini na wenye jando kwanza.

Hilo ndilo sijaliona kwenye kikao chenu. Umoja umegawanyika, padri amekuachia, wifi amekasirika, mumeo ameonya. Kuna mtu amekwenda kumuuliza jirani kama anataka hiyo sala? Unaona kwenda kwake kama zawadi ngumu ambayo wewe utaitoa au utainyima. Fikiria upande wake: wanawake 20 waliomtoa wanaingia uani, wanatazama mapipa, wanatazama pembeni, halafu mmoja anaomba kwa sauti kubwa kwamba Bwana aifungue nyumba hii kutoka kwenye minyororo. Nimeshuhudia sala za hivyo. Mgonjwa ndani anasikia kila neno. Ukipanga Alhamisi kwake bila yeye kukubali, na bila kukubaliana na wenzako kwamba siku hiyo anaombewa mgonjwa peke yake, unaweza kumfanyia la siku ya 19 mara ya pili, tena mbele za watu.

Unaweza kwenda kwanza peke yako. Usiende na Biblia mkononi, na usiende saa kumi jioni. Sema lile lililokupita siku ya kanga, liwe fupi. Hatari yake ni kwamba anaweza asikupokee. Anaweza pia kukupokea na kusema, kwa mara ya kwanza, habari za kilo 60, au habari za kaka yako usiku ule. Labda alimzuia asiondoke kwenye mvua, labda hakumzuia. Je, una nguvu ya kulisikia lolote kati ya hayo bila kujibu? Kama bado huna, si aibu kungoja wiki moja. Ila mgonjwa hangoji, na nawajua watu wetu: siku mama yule akifariki mtaingia wote kwenye ule ua, na wifi yako pengine atakuwemo, mtapika, mtalala kwenye mikeka. Msiba hatuuliziani ratiba.

Wifi yako usimchukulie kama kikwazo. Naye ni mjane, wa pili katika habari hii, na kila akisikia vicheko vya uani jioni anakumbuka. Akisema usikanyage kaburini anasema hana kingine cha kulinda. Kama utakwenda kwa jirani, nadhani asilisikie kwa watu. Aambiwe na wewe, umekaa kwake. Usimwombe ruhusa ikiwa umeshaamua, na usimwambie asamehe. Huo ni mzigo wake, atautua kwa saa yake. Mkumbukeni kaka yako pamoja, hata kwa jina lake tu. Inawezekana hatakuelewa, na utapoteza kitu halisi. Siwezi kukuahidi vinginevyo.

Na kuhusu kuihalalisha nipa. Hofu yako ina maana, kijijini macho ni mengi. Lakini jirani hajawahi kukuomba uisifu. Unaweza kuikataa mpaka siku ya kufa kwako na bado ukamchotea maji mama yake. Tena siku ikifika ya kuzungumza habari ya kazi, na si wewe utakayeichagua siku hiyo, uwe na kitu cha kusema zaidi ya "acha." Pale Naliendele, Mtwara, watafiti wa korosho wamekuwa wakiwafundisha akina mama kutengeneza juisi na jamu kwa mabibo hayo hayo. Halmashauri ina mikopo ambayo wanawake wametengewa asilimia 4 ya mapato yake ya ndani, lakini inakwenda kwa vikundi, na kikundi chake ndicho kilichomtoa. Jamu pia haiuziki kijijini kama nipa, tusidanganyane. Atahesabu, kwa sababu ana watu wa kulisha.

Ule usemi wa kuchukia dhambi na kumpenda mtu, siupingi. Nimekuwa nao miaka 40. Ila nimeona kwamba tunaowaambia huwa wanahisi joto la ile nusu ya kwanza, na ile ya pili inawafikia imepoa. Jirani yako alikufanyia ile nusu ya pili siku 18 bila kuitaja. Mimi ningekaa karibu na jambo hilo kwa muda, kabla ya kupanga chochote.

Sitakuandikia Alhamisi iwekwe wapi. Padri wako amekwambia uombe upange, na naona alikuamini. Niandikie lolote litakalokuwa, hata kama hukwenda.

Na kuna mtu mmoja sijamsikia kabisa kwenye barua yako, ingawa habari zote zinazunguka kitanda chake. Mama mzaa jirani, yule aliyelala: anaumwa nini? Ana umri gani? Anakula? Nani anachota maji ya nyumba ile sasa, binti yake akiwa amekaa naye ndani? Ukipata kumwona, mpe shikamoo yangu, kisha unijulishe hali yake.